Jua la Dirisha la Nyuma

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa. Tangu binti yake alipokuwa akitambaa mpaka alipoolewa na kuhamia mbali, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo moja: kusimama nyuma ya meza ndefu katika duka la dobi, pasi mkononi, mvuke usoni, akinyoosha mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya watu wa maofisini. Asubuhi aliingia kazini kwa miguu yake mwenyewe. Jioni alitoka kwa miguu iliyovimba kiasi kwamba kandambili zilimwachia alama, akaipandisha ngazi mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayebeba mizigo isiyo yake.

Mume wake alikuwa fundi wa paa, na mtaani hakuwa na jina jingine ila Fundi. Huyo alikuwa mtu wa juu. Chai alinywea juu, simu alipokelea juu, na akishuka jioni alitembea kwa mashaka kidogo, kana kwamba ardhi haina uhakika. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku akifa watamzika juu ya bati. Kazi ilimhamisha kila mara: wiki hii ghala, wiki ijayo nyumba ya mtu aliyejenga kwa miaka na kuishiwa nguvu kabla ya kuezeka, kisha banda la kuku, kisha zahanati. Hakuwahi kukaa juu ya nyumba moja muda wa kutosha hata kuwajua majirani wa pale.

Mwezi wa sita akaanguka. Ilikuwa kwenye ukumbi mpya wa shule, nyuma tu ya mtaa wao, asubuhi yenye umande. Upande mmoja wa paa alikuwa ameshaumaliza, anavuka kwenda wa pili, mguu ukateleza, na kabla hajasema lolote ameshafika chini. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto chini ya goti. Wenzake walimbeba juu ya ubao. Habari zilimkuta Mama Pasi na shuka nusu limenyooka; akatoka mbio na kuiacha pasi imelala kifudifudi, ikaunguza shuka la watu. Bosi wa dobi hakusema neno kuhusu shuka. Alisema tu, "Nenda, mama, nenda," na hilo Mama Pasi hajalisahau mpaka leo.

Hospitali ilimrudisha Fundi mwezi wa saba, ndipo ikabidi chumba kipangwe upya. Walikaa ghorofa ya pili, upande wa nyuma, na dirisha lao pekee lilitazama magharibi. Ukisimama upande wa kulia wa chumba, penye kabati na jiko, dirisha lilikuonyesha mambo yaliyoko kushoto kule nje, na huko ndiko ulikokuwa ule ukumbi, paa lake limemaliziwa na watu wengine, jipya, linang'aa. Lakini ukilala upande wa kushoto wa chumba, fremu ya dirisha iliuficha ukumbi wote. Uliona mnara wa simu, tangi jeusi la maji juu ya nyumba ya jirani, na anga, basi.

Majirani waliombeba Fundi walitaka kitanda kiwe upande wa kabati, kwenye hewa. Mama Pasi akakataa, kiwekwe kushoto. Walipomuuliza sababu, akasema ukuta ule hauna kunguni. Ulikuwa uongo mtupu, kunguni wa nyumba ile hawakubagua ukuta. Ukweli ni kwamba hakutaka mumewe afungue macho kila siku na kutazamana na mahali alipoangukia.

Maisha yakawa hayo. Asubuhi anamwosha, anamgeuza, anamwachia chupa ya chai na mkate karibu na mkono, anatoka. Mchana jirani wa chini, muuza mitumba, anapanda mara moja kumchungulia. Jioni Mama Pasi anarudi, anamwosha tena, anapika, anafua, anaanguka usingizini kama gunia. Muuguzi wa mazoezi naye alikuwa akija, mwanamke mwenye mikono migumu na maneno laini, akimsihi Fundi aketi japo kidogo, ashushe miguu chini. Mifupa imeshika, alisema, sasa kazi imebaki kwa misuli. Fundi alitazama dari.

"Kesho," alimjibu.

Kesho yake pia ilikuwa kesho. Mtu aliyekuwa akipanda kiunzi cha ghorofa nne huku anapiga mluzi, sasa hakutaka hata kuinua kichwa kwenye mto. Hasira hakuwa nazo, na hilo ndilo lililomtisha mkewe. Angetukana angalau, angerusha kikombe. Alilala tu, mpole kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Kitu pekee alichokitazama kwa moyo ni jua likizama.

"Leo limeshukia karibu na tangi," alimwambia mkewe jioni moja ya mwezi wa nane.

Mama Pasi alikuwa amechutama, anapepea jiko. "Nini?"

"Jua. Nilipoletwa hapa lilikuwa linazama kule kwenye mnara. Sasa linakuja kwenye tangi. Linahama."

"Jua linazama magharibi, Fundi. Limezama huko tangu hatujazaliwa."

"Magharibi ni pana," alisema. "Sikujua ni pana hivi."

Mama Pasi hakuwa na hali ya kubishana. Alimpakulia, akamlisha, akaosha vyombo. Lakini Fundi jambo lile lilikuwa limemshika. Miaka yote ile juu ya mapaa ya watu, jua limemchoma mgongo, limempofusha, limemharakisha amalize kabla ya giza, na hakuwahi kulishika likifanya hivi. Alipolifikiria aliona sababu: kila paa alilikalia siku chache, akaliacha. Hakuwahi kulala mahali pamoja na kulitazama jua lile lile kupitia tundu lile lile, miezi ikipita.

Ikawa taarifa ya kila jioni. Leo limegusa tangi. Leo limekaa juu yake kama kifuniko. Leo limetokea upande wa pili. Mwezi wa tisa, alisema, lilikuwa mbioni hasa. Lilipokuwa jana, leo limeshapaacha wazi, na alionyesha kwa kidole angani pengo ambalo mkewe hakuliona kwa sababu hakugeuka kutazama.

Halafu ikaja siku mbaya. Mwenzake wa kazini hakutokea, nyumba mbili za wageni zimeleta mashuka kwa pamoja, na pasi ya mvuke ikawa inatema maji ya kutu juu ya nguo nyeupe, kila iliyochafuka inarudi kufuliwa. Alipofika nyumbani bomba la nyumba halikuwa na maji. Akateka kwa jirani wa mbele, akapanda ngazi na ndoo, akaisimamisha kila kituo apumue. Akafungua mlango kwa bega.

"Umechelewa leo," Fundi akasema kitandani. "Ungeona lilivyokuwa jekundu, limepita tangi kabisa, sasa lina—"

Ndoo ikatua sakafuni, maji yakaruka.

"Jua, jua, jua! Nimesimama tangu asubuhi, Fundi! Nimepanda na maji kichwani! Hujaniuliza nimekula nini. Hujaniuliza miguu yangu ikoje. Likizama kwenye tangi, likizama ndani ya tangi, shauri lake! Mimi na jua hatuna undugu!"

Fundi aligeuza uso ukutani, na siku iliyofuata hakusema lolote kuhusu jua, wala iliyofuata hiyo. Mama Pasi aliona haya, lakini haya nazo zinahitaji nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Alifikiri atamwomba radhi Jumapili. Jumapili ikafika akailala yote.

Ulikuwa mwezi wa kumi alipofungua mlango jioni moja akakuta kitanda hakina mtu aliyelala. Fundi alikuwa ameketi. Ameketi pembeni mwa kitanda, miguu yote miwili chini, mikono imeshika godoro kama mtu aliye juu ya punda mkorofi, jasho linamtiririka, kiwiliwili kimeinama kulia na shingo imenyooshwa kama ya mtu anayechungulia harusi asiyoalikwa.

"Fundi!"

"Nyamaza kwanza. Linazama."

Akasubiri mlangoni na mkoba wake begani. Mwanga mwekundu ulimpiga mumewe shavu moja, ukapungua, ukaisha. Ndipo Fundi akashusha pumzi na kuanza kutetemeka mwili mzima.

"Limenipotea nyuma ya fremu," alieleza Fundi mkewe akimlaza. "Siku kadhaa sasa. Ukilala huoni kitu."

"Kwa hiyo umeketi."

"Sasa ningefanyaje?"

Mama Pasi aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Muuguzi wa watu amekubembeleza mpaka sauti imemkauka! Mimi nimekupigia magoti! Kumbe tungemtuma jua!"

Fundi naye akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke, huku ameshika nyonga kwa maumivu. Na siku ile Mama Pasi akasema yale aliyokusudia kuyasema Jumapili, kwa maneno machache, naye Fundi akamwambia, "Haikuwa kosa lako. Miguu ikoje?"

Kuanzia hapo akawa anaketi kila jioni. Alipozoea kuketi kwa ajili ya jua, akawa anaketi na kwa ajili ya chai. Muuguzi alipokuja akashangilia na kujipongeza, nao wakamwachia sifa zake.

Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani. Mama Pasi sasa alikuwa akitazama dirishani mara moja moja, na alichokiona hakikumpendeza. Jua halikusimama. Lilizidi kwenda kushoto, na kushoto kule kulikuwa na kitu kimoja tu kikubwa, ule ukumbi. Siku moja kazini, akiwa anakunja shuka pamoja na bosi, huyu ameshika ncha hizi na yule zile, alimuuliza ghafla kama jua likihama hurudi.

"Limehamia wapi?" bosi akauliza.

"Linazama pembeni kila siku. Linakwenda tu."

Bosi alimtazama kwa huruma. "Mama, leo nenda nyumbani mapema," akasema.

Alikwenda mapema kweli, na alichofanya ni kutafuta shuka kuukuu na kulipigilia misumari kwenye nusu ya kushoto ya dirisha. Vumbi, alimwambia Fundi. Vumbi la barabara limezidi. Fundi alilitazama lile shuka, akamtazama mkewe, akanywa chai yake. Kesho yake jioni ndipo aliposema.

"Toa hilo shuka, mama."

"Nimekwambia vumbi—"

"Najua kuna nini upande ule. Nimeangukia pale mimi, nitapasahau? Tangu siku ya kwanza nilijua kwa nini kitanda kimewekwa huku." Akatabasamu kidogo. "Kunguni!"

Mama Pasi akasimama na mwiko mkononi. "Mbona ulinyamaza?"

"Nilikushukuru. Sikutaka kuuona."

"Na sasa?"

"Sasa jua linakwenda huko." Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwishajipigia hesabu zote peke yake. "Nisogezee kiti kwenye kabati."

Kutoka kitandani mpaka kwenye kabati mtu mzima hupita bila kufikiri. Kwao ilikuwa safari. Alimkumbatia kifuani, wakavutana, wakapumzika katikati ya chumba wameegemeana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani, wakaendelea. Alipomkalisha, nguo zao zote mbili zilikuwa zimelowa. Kisha akang'oa shuka.

Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la ukumbi, upande wa mbali, na mwanga wake ulikuja ukitambaa juu ya mabati ukionyesha kila mstari. Fundi alitazama kwa muda mrefu. Mama Pasi alisimama nyuma yake, mikono tayari, hajui tayari kwa lipi.

"Ona," Fundi akasema. "Upande huu ni wangu. Misumari imenyooka. Ule wa wenzangu, ona, misumari imelewa." Alitaka kucheka. Kidevu kilianza kumcheza, kisha mabega, akalia, analia huku macho hayaachi paa.

Hapo ndipo mke angemshika mumewe na kumfariji. Mama Pasi alijua hivyo. Alijitafuta ndani akakuta hamna kitu, kama mtu anayeinamisha mtungi mkavu. Akaketi kitandani.

"Nimechoka, Fundi," akasema.

"Najua."

"Hujui. Sijakuchoka wewe, usinielewe vibaya. Nimechoka mimi. Kuna asubuhi naamka natamani ningeanguka mimi, ili na mimi nilale."

Hakuwahi kuyasema hata kwa nafsi yake. Aliyasikia yanatoka, akashika mdomo. Fundi alijifuta uso kwa kiganja. Nje jua lilikuwa limeshazama na chumba kinaingia giza, na hakuna aliyewasha taa.

"Mpigie simu mdogo wangu," Fundi akasema mwishowe.

Mdogo wake huyo alikuwa na nyumba na karakana ndogo ya vyuma safari ya nusu siku kutoka pale, na tangu ajali amekuwa akisema wamlete kaka kwake. Mama Pasi alikataa kila mara. Aliogopa midomo ya watu, wasije wakasema mume alipokuwa mzima alikuwa wake, alipovunjika akamtupia ndugu zake.

"Watasema nimekutupa."

"Waseme. Wanaosema waje wanioshe."

Mdogo mtu alikuja mwisho wa wiki na gari la mizigo, nyuma ametandika magodoro mawili. "Shemeji, usitie shaka," alimwambia Mama Pasi wakati Fundi anateremshwa ngazi kwa kiti. "Tunamwazima tu. Tukimchoka tunakurudishia kama alivyo." Kila mtu alicheka, hata Fundi. Gari lilipokata kona, Mama Pasi alipanda juu, akajilaza kwenye kitanda kisichokuwa na mtu wa kugeuzwa, na viatu miguuni, akalala mpaka asubuhi. Siku zilizofuata vile vile. Alirudi kazini, akala chochote kilichokuwepo, akalala. Hakuwa amejua kwamba uchovu una ghorofa. Ukishuka moja unakuta nyingine chini yake.

Fundi alipiga simu jioni.

"Leo limezama wapi?"

Mama Pasi alikuwa amejifunika mpaka kichwani. "Pale pale kwenye ukumbi," akajibu.

Kesho yake tena, "Pale pale." Na siku nyingine tena.

"Pale pale wapi?"

"Si kwenye ukumbi, katikati."

"Haiwezekani," Fundi akasema. "Mwanamke wewe, hujatazama hata siku moja! Unanidanganya umelala!"

Mama Pasi akashikwa na kicheko, amekamatika. Akaahidi kesho atatazama. Kesho alipotoka kazini aliburuta kiti mpaka kwenye kabati, akakalia, akainua miguu juu ya ndoo. Alikuwa hajawahi kuketi pale bila kitu mkononi. Jua lilikuwa limekwisha kupita ukumbi. Lilikuwa linashukia kushoto kwake, nyuma ya mti mkavu uliosimama peke yake kwenye uwanja. Alitazama mpaka ncha ya mwisho ikazama. Hakufikiri jambo lolote la maana. Aliona ndege wakirudi, akaona mtu akianua nguo juu ya nyumba, akaona mashati yamekunjamana na hakujali.

"Limepita ukumbi," alimwambia Fundi. "Liko kwenye mti mkavu."

"Unaona sasa!" Akashangilia kana kwamba yeye ndiye aliyelipeleka. "Huku dirisha langu liko mashariki, naona linapochomoza. Nalo linahama! Lakini huku linakwenda kulia."

"Huku kushoto."

"Basi linatuzunguka," Fundi akasema.

Ikawa ada yao. Yeye anatoa habari za jioni, mumewe anatoa za asubuhi. Kati ya jua na jua yakaingia na mengine: shemeji amemtengenezea magongo ya chuma, mazito kama lango, amesimama, ameanguka, hakuumia, amesimama tena. Daktari wa kule alimwambia bila kuzunguka kwamba paa asahau, mguu umebaki mfupi. Siku hiyo Fundi hakuuliza jua limezama wapi. Walikaa kwenye simu wakisikilizana pumzi, kisha mkewe akamwambia mwenyewe bila kuulizwa.

Mwezi wa kumi na mbili jua likawa linajikokota. Liliganda kwenye mti ule ule siku baada ya siku, mpaka Mama Pasi akaanza kuhisi Fundi atadhani amerudia uongo. Aliapa kwa binti yake kwamba anatazama. Ukaingia mwezi wa kwanza, na jioni moja akaona kati ya mti na jua pana uwazi, upande wa kulia. Hakuamini. Alisubiri siku nyingine chache, asije akasema ovyo. Uwazi ukaongezeka.

"Linarudi," akasema kwenye simu.

"Una hakika?"

"Nimetazama kwa macho haya. Limeuacha mti."

"Na huku," Fundi akasema taratibu, "nilidhani ni macho yangu."

Fundi hakurudi wakati ule. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema abaki kidogo, miguu ya mkewe ipungue, naye azoee kupanda ngazi kwa magongo. Mama Pasi alipinga kwa mdomo, moyoni akashukuru. Katika siku hizo alifanya jambo ambalo hajawahi kulithubutu miaka yote: alimwendea bosi, akamwomba kiti kirefu, awe anapiga pasi za mashati akiwa ameketi. Bosi alinung'unika kwamba pasi ya kukaa haina nguvu. Baada ya wiki akaleta kiti chenyewe, mguu mmoja umelegea, akakiweka nyuma ya meza. Mashuka bado ni ya kusimama. Lakini mashati ni mengi.

Fundi alirudi mwezi wa tatu, alipanda ngazi mwenyewe kwa magongo, shemeji nyuma yake amenyoosha mikono kama anayemfuata mtoto. Kule karakana alikuwa amejifunza kukunja bati akiwa ameketi: ndoo, faneli, mifereji ya maji ya mvua. Siku hizi anafanyia kazi hiyo chini, kwenye kona ya jirani muuza mitumba, ambaye analalamika nyundo inamfukuzia wateja na hajawahi kumwambia ahame. Baadhi ya siku nyonga inamkataa, anashinda kitandani, na hasira zake sasa anazo tele. Alishawahi kurusha kikombe.

Kitanda walikihamishia upande wa kabati, kwenye hewa. Ukumbi unaonekana. Mvua ya kwanza ilipovuja upande wa wale wengine, Fundi aliwaona watu wamepanda kuziba, akafungua dirisha akawapigia kelele waanze na kofia za juu, yale mabati ya kilele, maji yanaingilia pale, wasikanyage katikati ya bati. Mmoja wao alimpungia mkono. Mama Pasi alifunga dirisha, mvua ilikuwa inaingia ndani.

Bado anachoka. Binti akipiga simu na kumuuliza hali, anasema, "Tunasukuma," na binti anajua maana yake. Jua nalo wanaliona siku wanazowahi, na siku nyingine linazama peke yake bila shahidi. Juzi aliporudi kulikuwa na wingu zito magharibi yote, hakuna kilichoonekana. Aliweka maharage jikoni, akajinyoosha kitandani apumzishe mgongo kidogo tu, na usingizi ukamchukua na kitambaa chake kichwani. Fundi alivuta kiti mpaka kwenye jiko, akaongeza maji, akakoroga, akaonja chumvi, akaendelea kukoroga polepole, kijiko kisigonge sufuria.